Baiskeli Iliyopiga Simu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka kubwa, upande wa Kenya, nimeshika mkate na kipande cha sabuni, simu ya mtu nyuma yangu ikalia. Haikulia kwa wimbo kama zinavyolia simu za siku hizi. Ilitoa ule mlio wa kale wa simu za mezani, kriing-kriing, kriing-kriing, ambao watu wameurekodi na kuutia ndani ya simu zao za kioo. Kijana mwenyewe aliipokea upesi, akasema, "Niaje buda, niko kwa line hapa," na kwake mambo yakaishia hapo. Mimi kidole gumba kilikuwa kimeshabonyeza sabuni mpaka karatasi yake ikapasuka. Binti wa kaunta akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa, nimekumbuka tu kazi yangu ya kwanza.

Kazi hiyo niliifanya nikiwa na miaka tisa, sina jino moja la mbele, na hilo jino lilichelewa kuota kuliko meno ya wenzangu wote.

Tulikaa Busia, upande wa Uganda, nyuma ya uwanja ambapo malori yalilala yakisubiri karatasi za forodha. Baba alikuwa fundi wa umeme wa magari. Watu walimwita Fundi Saidi, na karakana yake ilikuwa kibanda cha bati kilichoegemea ukuta wa nyumba yetu, chenye harufu ya lehemu iliyoyeyuka na asidi ya betri. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Dereva angeweza kumweleza ugonjwa wa taa zake kwa nusu saa nzima, na baba angejibu, "Mm," kisha akaingia chini ya gari. Mimi nikitoka madrasa nilikwenda moja kwa moja kukaa juu ya tairi karibu naye, nikimpa bisibisi na plaizi. Alinifundisha kumenya waya kwa meno, jambo ambalo mama alilikataza kila wiki.

Mama alipika wali na maharage akawauzia madereva. Aliitwa Mama Swaleh, kwa jina la kaka yangu mkubwa, na Swaleh wakati huo alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori lililobeba saruji ya Tororo kuipeleka Juba. Ninyi mliokua enzi zangu mnakumbuka safari za Juba zilivyokuwa. Mtu akiondoka ameondoka. Hapakuwa na namna ya kumuuliza amefika wapi. Ulisubiri lori lingine litoke kaskazini, ukamuuliza dereva wake, naye akakwambia aliwaona, au hakuwaona. Safari hiyo ninayoisimulia Swaleh alikuwa ameshapitisha wiki tano, na madereva watatu mfululizo walikuwa hawajamwona.

Ndipo Mwalimu Owori alipoleta maigizo nyumbani kwetu.

Mwalimu Owori alikuwa Mjapadhola wa Petta aliyefundisha shule yetu ya msingi. Alikuwa mrefu, mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni, na alipenda michezo ya kuigiza kuliko chakula. Alikuwa na kikundi chake cha watu saba au wanane, na redio moja ya Tororo ilikuwa imemwahidi saa moja ya kurekodi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mazoezi walifanyia uani kwetu kwa sababu palikuwa na ukuta. Siku ya pili mwanamke aliyekuwa na nafasi ya mama katika mchezo akaacha, na mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni huku akisikiliza, akayasema maneno yote ya yule mwanamke bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Mwalimu alimgeukia. "Mama Swaleh," akasema, "wewe ndiyo nafanya." Hivyo ndivyo mama alivyokuwa mwigizaji, na sote tulishangaa, yeye zaidi yetu.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mama mmoja ana mwana aliyesafiri mbali. Habari hazipo. Anakwenda kukaa dukani kwa jirani mwenye simu, anasubiri. Mwishowe simu inalia. Shida ilikuwa hapo. Aliyetakiwa kuwa simu alikuwa Apio, msichana wa kikundi, naye alifanya kwa mdomo: "Kirri-kirri! Kirri-kirri!" Kila alipofanya, kikundi kizima kilianguka kwa kicheko, na mama, aliyekuwa ameshaanza kulia machozi ya kweli, alicheka pia akafuta pua kwa kanga. Mwalimu hakucheka. Mwaka uliotangulia walipeleka redioni mchezo wenye simu ya namna hiyo, na bwana wa mitambo akawauliza, "Hiyo ni simu au ni mbuzi?" Haukutangazwa kamwe.

Kwa hiyo alasiri moja Mwalimu aliingia karakana akiwa na gunia, akatoa simu. Ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, yenye gurudumu la namba. Aliipata kwenye stoo ya kiwanda cha pamba kilichofungwa zamani.

"Fundi, kitu hii nataka nalia."

Baba aliigeuza. "Imeunganishwa wapi?"

"Hakuna. Haikwendi mahali. Nataka nalia tu, kwa redio."

"Simu isiyounganishwa hailii, Mwalimu."

"Ndiyo nimekuja kwa fundi. Kama ilikuwa nalia yenyewe, ningekwenda kwa mchungaji?"

Baba akasema, "Mm." Lakini niliona alivyoiweka mezani, taratibu, kama mtu anayeweka mayai, nikajua amenasa.

Siku zilizofuata zilikuwa siku tamu kuliko zote nilizowahi kuishi karakana. Baba alifungua skrubu, tukaona ndani: vikombe viwili vya shaba, na katikati yao nyundo ndogo yenye kichwa kama njugu, na nyuma ya nyundo koili mbili. Akagusa nyaya za betri ya lori. Nyundo haikusogea hata kidogo. Akachukua transfoma ya redio iliyoungua, akaigeuza, upande wa betri ukawa unaingiza na upande wa umeme mkubwa ukawa unatoa kwenda kwenye simu. Akagusa tena. *Ti.* Mara moja tu, nyundo ikapiga kikombe cha kushoto. Akaondoa waya. *Ti.* Ikapiga cha kulia.

"Umeona?" aliniuliza. "Nikigusa inapiga. Nikiachia inapiga."

"Basi gusa-achia, gusa-achia," nikasema.

Akajaribu kwa mkono, haraka kadiri alivyoweza. Ikalia ti-ti, ti, ti-ti-ti, kama bibi anayetafuna njugu kwa meno mabaya. Mkono wa binadamu haukutosha. Baba alikaa juu ya ndoo akafikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akasema neno moja: "Platini."

Wanaojua magari ya zamani wanajua platini: kile kifaa kidogo kinachogusa na kuachia, kugusa na kuachia, ili plagi zipate cheche. Baba alitaka platini kubwa inayozungushwa na mtu. Na kitu cha kuzungushwa, katika mji wa Busia, hukitafuti mbali. Alichukua baiskeli ya boda aliyoazimwa na jirani aliyekuwa amevunjika mguu, akaipindua ikasimama kwa kiti na usukani. Kwenye rimu ya gurudumu la nyuma akafunga mpira wa tyubu ili umeme usipite, na juu ya mpira vipande vya bati tulivyokata kutoka kopo la maziwa, kumi na viwili, kila kimoja kikishikwa na waya hadi kwenye kitovu. Spoku iliyopindwa ikawa ulimi wa kuvigusa vinapopita. Nilikata vipande saba kati ya vile kumi na viwili, na nina kovu la kuthibitisha.

Baba akashika ulimi. Mimi nikazungusha pedeli kwa mikono miwili.

*Ti. Ti-ti. Tititi. Tititititi*—halafu, gurudumu lilipopata mwendo wake, *kriiiiing!*

Ajabu ya sauti ile! Kuku walitawanyika. Dereva aliyekuwa amelala chini ya lori lake aligonga kichwa. Baba alicheka kwa sauti, jambo la mara moja kwa mwaka, na mimi nikazungusha tena kwa nguvu zote, ikawa haraka mno, kengele ikageuka mngurumo wa nyuki, nikapunguza, ikarudi, kriiing, kriiing. Cheche za buluu zilirukaruka kwenye bati. Niligusa waya nisiotakiwa kugusa, nikarushwa nikakalia matako, nikacheka nikiwa chini.

Mama akatokea mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi, wali ukidondoka. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Hakutazama baiskeli. Aliitazama simu.

"Nani anapiga?" akauliza.

Baba akaachia ulimi wa spoku. "Hakuna, Mama Swaleh. Ni sisi."

Mama aliushusha mwiko. Kisha akasema, "Wali unaungua," akarudi.

Hapo ndipo furaha yangu ilipoingia mdudu. Jioni ile kwenye mazoezi nilikaa nyuma ya ukuta wa jiko nikasikiliza vizuri, badala ya kucheka. Mama alikuwa amekaa mbele ya simu, akisema maneno ya mchezo: kwamba leo hajala, kwamba kila gari linalopita analisikia kifuani, kwamba simu hii ikilia sasa itakuwa ni habari za mwanawe, na habari zinazokuja kwa simu si habari za heri. "Ni Swaleh wangu," akasema.

"Jina ni Okelo, Mama Swaleh," Mwalimu akamsahihisha kwa upole.

"Samahani. Okelo."

Mwalimu akaishia hapo, kama alivyoishia kila siku. Alisema kilio cha mwisho kisichoshwe kwa mazoezi. Mwisho utafanywa simu itakapokuwa tayari. Karatasi ya mwisho aliitunza mfukoni mwa shati, imekunjwa kama hirizi.

Mimi nilijua ni mchezo. Sikuwa mjinga. Lakini bibi yangu, aliyekaa kijijini Masinya, alitufundisha kwamba jambo baya halitajwi, kwa sababu linasikia jina lake, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu mama akitoka mbio kuuliza nani anapiga. Kwa akili yangu ya miaka tisa hesabu ilikuwa wazi. Simu ya mdomo wa Apio ilikuwa mchezo. Hii ya baba ilikuwa simu kweli, na simu ya kweli haiwezi kulia bure. Ikilia lazima kuna mtu upande wa pili, na mtu huyo ana habari. Siku ile ililia mbele yetu mimi na baba, hatukuinua mkono wake wa kusikilizia. Lakini katika mchezo mama atauinua. Atasema haloo. Na jina atakalolitaja, kwa kuteleza, ni la Swaleh.

Kwa hiyo isilie.

Siku ya kwanza nilichomoa waya wa kitovu. Kikundi kilikusanyika, Mwalimu akainua mkono, baba akazungusha, kimya. Baba alihangaika mpaka watu wakaenda zao, ndipo akaona waya. "Umeregea," akasema. Siku ya pili nilibandua vipande vitatu vya bati nikavificha kwenye debe la unga, na simu ikalia kwa kukohoa. Mwalimu akamtazama Apio, na Apio akaanza kusafisha koo. Baba aliona. Mtu aliyetengeneza umeme wa malori ya nchi nne, mbele ya jirani zake, anashindwa na kengele! Usiku alikula kidogo. Nami nilikuwa nimeipenda mashine ile kuliko chochote. Mchana nilimsaidia kuikarabati kwa moyo wangu wote, alasiri nikaiharibu kwa moyo wangu wote. Sijui kama nimewahi tena kufanya kazi ngumu namna ile.

Siku ya tatu, Alhamisi, nilikata waya uliokuwa ndani ya simu yenyewe. Plaizi zilikuwa mfukoni mwa baba, kwa hiyo nilitumia nilichokuwa nacho.

Ijumaa baada ya swala baba aliniita. Alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, simu imefunguliwa mapajani.

"Mariamu, hebu tabasamu."

Nikatabasamu. Akausogeza ule waya karibu na mdomo wangu, akaugeuza kuelekea mwangani. Alama za meno zilikuwa zimepangana juu ya plastiki nyekundu, moja, mbili, kisha pengo, kisha moja.

"Nilidhani ni panya," akasema. "Lakini panya gani hana jino la mbele?"

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nikamwambia yote, bibi, Swaleh, Okelo, na upande wa pili. Nilimsihi asimwambie mama. Baba hakucheka, na hilo nimemshukuru maisha yangu yote. Alifikiri, kisha akanipa waya mkononi.

"Fuata hii. Inakwenda wapi?"

Nikafuata kwa kidole. "Kwenye transfoma."

"Halafu?"

"Kwenye baiskeli."

"Halafu?"

"Kwenye betri."

"Halafu?"

Hapakuwa na halafu. Waya mwingine ulitoka betri ukarudi palepale.

"Basi upande wa pili kuna nani?"

"Baiskeli," nikasema, na pamoja na machozi nikaanza kucheka.

"Baiskeli ya Busia itajuaje mambo ya Juba?" Akanifuta pua kwa kitambaa cha grisi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Mimi pia naogopa. Kila lori likitoka kaskazini natazama namba zake kabla sijamsalimia dereva. Huo ndio uoga wetu, na hauna waya. Ukate usikate, upo." Akaanza kuunga waya. "Kesho utabonyeza wewe. Mimi nitazungusha. Usipotaka ilie, hutabonyeza, na sitakuuliza."

Alifunga kitufe cha honi ya lori kwenye waya wa betri, ili gurudumu lizunguke muda wote na simu ilie pale tu kitufe kinapobonyezwa: mara mbili fupi, pumzi, mara mbili fupi. Nilifanya mazoezi kwa kidole gumba hewani mpaka nikalala.

Jumamosi tulikwenda Tororo juu ya lori tupu lililokuwa linakwenda kupakia saruji, kikundi kizima pamoja na baiskeli, betri, na simu mapajani mwangu. Waigizaji waliimba kwa Kidhopadhola, baba akashika gurudumu kwa mikono miwili lisipoteze bati hata moja. Mama hakuimba.

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, na kuta zake zote zilibandikwa trei za mayai. Nilidhani wenye redio wanafuga kuku, nikamuuliza bwana wa mitambo wako wapi. Yeye alikuwa anamtazama baba akiingiza waya dirishani kutoka veranda, ambako baiskeli ilikuwa imesimama kichwa chini.

"Na hii nini sasa?" akauliza.

"Simu," baba akajibu.

Nilikaa sakafuni chini ya meza, kitufe mkononi, miguu ya mama hatua moja kutoka kwangu. Kupitia dirisha nilisikia mnyororo ukianza kulia taratibu, baba ameanza. Taa nyekundu ikawaka. Mchezo ukaenda, sehemu ya kwanza, ya pili, jirani mwenye duka, wateja. Kisha mama akabaki peke yake. Alisema maneno yake yote, na safari hii alitaja Okelo sawasawa. Mwalimu akainua mkono.

Kidole changu hakikushuka.

Nilimwona Mwalimu akiinua mkono tena, macho yamemtoka. Apio akafungua mdomo, Mwalimu akamzuia. Chumba kizima hakikuwa na sauti isipokuwa pumzi ya mama. Hakugeuka kunitazama. Aliinama tu kidogo kuelekea simu, akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote.

"Lia basi," akasema. "Lia, nijue moja."

Nikabonyeza.

Kriing-kriing. Kriing-kriing. Ililia safi, duara, kama vikombe vipya vinavyogongana, ikajaza kile chumba cha mayai mpaka bwana wa mitambo akaruka kwenye kiti. Mama aliiacha ilie mara ya tatu. Kisha akauinua mkono wa simu, nami nikaachia kitufe, nikafumba macho.

"Haloo," akasema mama.

Kutoka kona ya chumba Mwalimu Owori, amekunjua ile karatasi yake, akaongea ndani ya kopo tupu ili sauti itoke mbali: "Mama? Mama, ni mimi. Ni mzima. Gari ndiyo limekufa, mimi ni mzima. Mbona wewe nalia?"

Huo ndio ulikuwa mwisho! Alikuwa ametubebesha hofu ya wiki nzima na mfukoni ana habari njema. Mama akacheka na kulia kwa pamoja, na alipotakiwa kusema "Ahsante Mungu" alilisema mara tatu kwa lugha mbili. Taa nyekundu ikazimika. Bwana wa mitambo akatoka nyuma ya kioo, akapita katikati ya waigizaji wote, akaenda veranda kuitazama baiskeli.

"Ile kunyamaza kabla ya simu," Mwalimu alimuuliza mama, "nani nakufundisha?"

Mama alinitazama mimi chini ya meza. Alinivuta nje kwa mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi na umelowa. Leo nina watoto wanaosafiri, na najua kwamba pale mezani mama hakuwa anaigiza. Nilimsoma vibaya katika mambo mengi nikiwa mtoto, lakini lile moja nililisoma sawa: alikuwa anasubiri simu. Kilichokuwa kimenipita ni kwamba aliitaka ilie.

Swaleh alirudi Jumatano. Alishuka kwenye lori ana vumbi mpaka kwenye kope, amekonda, anacheka. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, wakakaa upande wa pili wiki tatu wakila mahindi ya kuchoma na kuibiana kwenye karata. Mama alimpiga kwanza kwa mwiko, mara mbili, ndipo akamkumbatia. Baba alisema, "Mm," akaingia chini ya gari ambalo halikuwa na ugonjwa wowote, akakaa huko muda mrefu.

Mchezo ulitangazwa Jumapili alasiri. Uani kwetu palijaa. Redio iliwekwa juu ya pipa. Hata Bwana Wafula alikuja, wakala wa mizigo aliyepanga chumba cha mbele cha nyumba yetu siku mbili kabla na kuwekewa simu ya mezani, ya kwanza katika mtaa wetu, ambayo alikuwa akiipangusa kwa leso asubuhi na jioni huku akisubiri mtu wa kwanza aipige. Alikaa karibu na redio, miguu imekunjwa, akiafiki kwa kichwa. Mama kwenye redio alinyamaza. Watu wote uani wakainama kuelekea redio. "Lia basi," sauti yake ikasema, "lia, nijue moja."

Kriing-kriing!

Bwana Wafula aliruka kama aliyekalia siafu. Kiti kikaanguka, kiatu kimoja kikabaki. Alikimbia akizunguka nyumba, tukasikia funguo zikianguka, mlango ukipigwa, kisha sauti yake kupitia dirisha, kubwa, ya heshima: "Haloo! Haloo! Ndiyo, hapa Wafula! Haloo! Ongea!"

Tuliposhindwa kupumua kwa kicheko alirudi, akavaa kiatu chake, akaketi.

"Wamekata," akasema.

Baba alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye ndoo akakaa chini kwenye udongo, machozi yanamtiririka, Swaleh akimpigapiga mgongoni. Mwalimu Owori alisubiri atulie. Kisha akavuta karatasi nyingine kutoka mfukoni, mpya, akaikunjua polepole mbele yake.

"Fundi, nimeandika ingine," akasema. "Hii ndani yake iko treni."

Baba akajifuta macho. Alimtazama Mwalimu, akaitazama karatasi, akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeshasimama.